Ardhi Tunayoijengea: Jiwe, Mchanga na Kinamo

Masika yanapokwisha, na jua la Juni likaanza kukausha viwanja, ndipo hesabu ya hasara hufanywa katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Hapa ukuta umepasuka toka msingi hadi dirishani. Pale karo limefurika na maji yake yamesimama uani. Kwa jirani, mchicha na tungule zilizooteshwa kwa gharama na jasho zimegeuka manjano na kufa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu saruji, na wote wawili huishia kuilaumu mvua. Ardhi yenyewe, ambayo ndiyo iliyoubeba ukuta, ikayapokea maji ya karo na kuulisha mchicha, haiulizwi wala haitajwi.

Jambo hilo ni la kusikitisha katika visiwa ambavyo wakulima wake waliijua ardhi kwa jina na kwa tabia kabla ya maabara yoyote kujengwa. Wataalamu waliokuja kuchunguza udongo wetu katika miaka ya 1950 hawakuona haja ya kubuni majina mapya. Waliyachukua majina yaliyokuwa katika vinywa vya wakulima, yaani kinongo, mchanga, kinamo, bopwe, maweni na uwanda, wakayaandika katika vitabu vyao vya kitaalamu. Wakulima walikwisha kuigawa ardhi sawasawa. Kazi iliyobaki kwa wataalamu ilikuwa kupima na kueleza sababu.

Makala hii inakusudia kuyarejesha majina hayo katika mazungumzo yetu, kwani ndani yake mna majibu ya maswali matatu yanayomhusu kila mwananchi na kila ofisa anayetia saini kibali cha ujenzi: nyumba itasimama vipi, maji machafu yatakwenda wapi, na nini kitaota uani.

Udongo wetu ni wa namna gani

Atokaye mjini Unguja kuelekea Paje au Makunduchi huipita nchi mbili katika safari ya muda wa saa moja tu. Upande wa magharibi, kuanzia mgongo wa Masingini na kuelekea kaskazini hadi mashamba ya Donge na Mkokotoni, ardhi ni ya kina. Humo ndimo kinongo kilimo, udongo wa rangi ya hudhurungi au wekundu, unaopokea maji bila ya kuyazuia na bila ya kuyapoteza upesi. Ndio uliobeba mikarafuu, michungwa, mihogo na miembe ya Unguja tangu zamani. Karibu nacho kipo kichanga, chepesi kwa jembe lakini chenye njaa, kwani mvua huiosha mbolea na kuipeleka chini mbali na mizizi.

Katika mabonde, kama vile Cheju na Kibokwa, hukusanyika kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi. Ukilowa huganda katika kiatu, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kidole. Mpunga huupenda kwa sababu hushika maji. Mjenzi hana sababu ya kuupenda, kama tutakavyoona.

Ukivuka kuelekea mashariki na kusini, mambo hubadilika ghafula. Hapo ni maweni na uwanda, mwamba wa matumbawe ya kale, uliokuwa chini ya bahari zama za mbali na ambao sasa umefunikwa kwa udongo wa kina cha vidole vichache tu, na mahali pengine haukufunikwa kabisa. Mwamba huo si kipande kimoja. Umetobolewa na maji ya mvua kwa muda wa maelfu ya miaka, ukajaa vishimo, nyufa na mapango. Pango la Mangapwani na mapango ya maji ya Makunduchi na Jambiani ni sehemu ndogo tu tunayoiona ya nyumba kubwa iliyo chini ya miguu yetu.

Pemba nayo ina sura yake. Ni kisiwa cha vilima na mabonde, chenye mvua nyingi kuliko Unguja, kadiri ya milimita 1,900 kwa mwaka dhidi ya 1,600. Udongo wake wa magharibi ni wa kina na wenye rutuba, lakini hukaa juu ya miteremko, na mteremko ulionyang'anywa miti huteremka pamoja na mvua. Upande wa mashariki, hususan katika Wilaya ya Micheweni, mwamba hurejea tena.

Msingi haujui siasa ya tofali

Mafundi wetu ni hodari wa kuta. Hata hivyo, ukitazama nyufa za nyumba nyingi utagundua kwamba kosa halikuwa katika ukuta bali chini yake. Ardhi iliyo imara zaidi ya zote kwa kubeba nyumba ni mwamba, na baada ya mwamba ni kinongo na mchanga ulioshindiliwa na umri. Ardhi iliyo hatari ni kinamo na ardhi ya kujaza.

Kinamo hupumua. Wakati wa masika hunywa maji na kuvimba, ukiinyanyua nyumba; wakati wa kiangazi hunyauka na kusinyaa, ukiiachia. Kama nyumba yote ingenyanyuliwa na kushushwa kwa pamoja, pengine hasara isingekuwa kubwa. Lakini udongo wa chini ya sakafu, uliofunikwa na paa, haulowi kwa kiasi cha ule wa ukingoni. Hivyo kuta za nje hupanda na kushuka ilhali za ndani zimetulia, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Dawa yake ni kuchimba msingi hadi chini ya kina ambacho majira hayakifikii, au kutandika jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima ili iende kama chombo kimoja, na kuyaongoza maji ya paa yasimwagike kwenye miguu ya ukuta. Mti mkubwa uliopandwa hatua chache kutoka kwenye msingi wa namna hiyo huzidisha balaa, kwani mizizi hunyonya maji upande mmoja tu.

Ardhi ya kujaza nayo ina historia yake miongoni mwetu. Jina la Darajani linatukumbusha kwamba hapo palikuwa na daraja, na chini ya daraja mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao ulijazwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Ardhi iliyojazwa yaweza kujengwa, lakini kwa hesabu yake yenyewe. Ikijazwa kwa taka, matawi na vifusi vilivyomwagwa bila ya kushindiliwa tabaka baada ya tabaka, itaendelea kushuka kwa miaka mingi, na nyumba itaifuata.

Mwamba wenyewe, pamoja na uimara wake, una hila mbili. Ya kwanza ni uwazi ulio ndani yake. Mafundi wa zamani walikuwa wakiupiga mtaimbo mwamba wa msingi na kuusikiliza. Palipolia kama ngoma walijua pana pango, wakapavunja na kupajaza au wakahama. Desturi hiyo haigharimu hata senti moja na haina sababu ya kuachwa. Hila ya pili ni mwamba unaokoma katikati ya kiwanja. Nyumba ambayo nusu yake imekaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo ni nyumba mbili zilizolazimishwa kuwa moja; nusu ya udongo itashuka kidogo, nusu ya jiwe itakataa, na ufa utapita hapo hapo zinapokutana. Afadhali msingi wote ufikishwe kwenye jiwe, au nyumba igeuzwe uso ili yote ikae upande mmoja.

Hapana budi kugusia pia mchanga wa ufukweni, ambao wapo wanaouchota usiku ili kukwepa bei. Mchanga huo umebeba chumvi. Chumvi huingia katika zege, huila nondo, nondo ikashika kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege basi hubanduka kwa ndani, na dari huanza kudondosha vipande baada ya miaka michache. Maji ya kisima yenye chumvi, yakitumiwa kuchanganyia zege, huleta maradhi yale yale. Tena mchanga ukiondolewa ufukweni, bahari huja kuutafuta katika minazi na kuta za walioko nyuma yake.

Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Waliojenga waliichoma chokaa kutokana na matumbawe hayo hayo, ikawa jiwe na kiungo chake ni ndugu. Chokaa huuachia ukuta upumue. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hukusanyika, na lipu hubanduka ikiwa imeng'oa na sehemu ya jiwe. Mwenye nyumba ya kale anayedhani ameiimarisha huwa ameifungia maradhi ndani.

Karo na kisima ni majirani

Tunalifikia sasa jambo lililo zito kuliko yote. Ukuta uliopasuka ni hasara ya mtu mmoja. Karo lililokaa pabaya ni hasara ya mtaa mzima.

Visiwa vyetu havina mto mkubwa wa kutegemewa. Maji takriban yote tunayokunywa ni mvua iliyozama ardhini, ikajikusanya katika mwamba, kisha ikatokea kwenye chemchem au kuvutwa na pampu. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipotaka kuupatia mji maji safi aliyaleta kwa mfereji kutoka chemchem ya Bububu. Hadi leo chemchem za Mtoni na Bububu, ambazo hulishwa na mvua inayozama katika msitu wa Masingini, ni sehemu ya uhai wa mji.

Sasa tufikiri. Ardhi ile ile inayotuletea maji ya kunywa ndiyo tunayoikabidhi maji ya vyoo. Nyumba nyingi nje ya Mji Mkongwe hazikuunganishwa na mabomba ya maji machafu. Kila moja ina karo lake, na makaro mengi ni shimo lililojengwa kwa mawe pembeni na kuachwa wazi chini ili maji yanywewe na ardhi. Fundi husifiwa karo lisipojaa. Lakini karo lisilojaa kamwe lapaswa kutuogopesha kuliko linalojaa, kwani swali ni hili: yale yanayoingia humo kila siku yanakwenda wapi?

Katika kinongo au mchanga wa kina, jibu si baya sana. Maji hushuka polepole, chembe za udongo huyachuja, na vijidudu vya maradhi hunaswa na kufa njiani. Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kwamba karo liwe mbali na kisima kwa kiasi cha mita 30, na kwamba kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini pabaki si chini ya mita moja na nusu au mbili za udongo mkavu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya udongo unaochuja.

Katika maweni na uwanda, kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu mwamba wenye nyufa hauchuji chochote. Maji machafu hutumbukia katika ufa kama katika bomba, na yaweza kusafiri mamia ya mita kwa muda wa siku chache, yakiwa na vijidudu vyake vyote hai. Kisima kilicho ng'ambo ya barabara, hata kiwe kimefunikwa vizuri na kupakwa rangi, huweza kuwa ndicho mwisho wa safari ya karo la mtu ambaye mwenye kisima hamjui. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hivyo ndivyo yalivyo maji ya kisiwa: yote hurejea mahali pamoja.

Katika kinamo, hatari hubadilika sura. Hapo ardhi hukataa kunywa. Karo hujaa, na masika yakiingia hufurika juu ya ardhi, yakachanganyika na maji ya mvua yanayochezewa na watoto. Mabondeni na katika viwanja vya chini vya Mwanakwerekwe, mji uliojenga juu ya njia na mabwawa ya asili ya maji ulilipa gharama hiyo mara nyingi, yakiwemo mafuriko ya Mei 2017, hadi ilipojengwa mitaro mikubwa ya kuyatoa maji kuyapeleka baharini.

Hayo si maneno ya kutisha watu bure. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978, kilianzia katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua na 51 kati yao walifariki. Tangu hapo maradhi hayo yamerejea mara kwa mara, na mlipuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea hadi mwaka uliofuata uliwapata zaidi ya watu 4,000 visiwani. Chanjo zimetolewa, na Serikali imejiwekea mpango wa kukitokomeza kipindupindu ifikapo mwaka 2027. Lakini chanjo humkinga mtu, haikisafishi kisima.

Lipo na jambo la pili linalowahusu zaidi wakaazi wa pwani ya mashariki na kaskazini, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, ambako hoteli zimeongezeka kwa kasi tangu miaka ya 1990. Chini ya uwanda, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyoko juu ya usawa wa bahari, kuna kadiri ya mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inapendeza inaposomwa kutoka juu kuja chini, lakini hugeuka kuwa onyo tukiisoma kinyume: pampu ikiyashusha maji kwa mita moja tu na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, chumvi huweza kupanda mita 40 kutoka chini. Kisima kikishaonja chumvi hakiponi kwa msimu mmoja. Hivyo kila anayechimba kisima kirefu uwandani bila ya idhini ya Mamlaka ya Maji, hata kama ni ndani ya ukuta wake, anakopa kwenye mfuko wa kijiji kizima.

Nini basi kifanywe? Katika maweni, karo la wazi lisijengwe tena. Lijengwe tangi lililozibwa chini na pembeni, lenye vyumba viwili, ili uchafu mzito utulie katika chumba cha kwanza. Maji yatokayo chumba cha pili bado yana maradhi, kwa hiyo yasitiwe katika ufa. Yapitishwe katika tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya mwamba, lenye unene usiopungua sentimita 60, ili mchanga ufanye kazi ambayo mwamba haukuumbiwa. Juu ya tuta hilo huweza kupandwa migomba, ambayo hunywa maji mengi. Mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe hapo asilani. Katika kinamo, tuta hilo hilo la mchanga ndilo dawa, pamoja na kulizuia maji ya mvua yasiingie. Na tangi lolote, liwe pazuri namna gani, lazima livutwe uchafu wake kila baada ya miaka michache, na gari linalouvuta lipate mahali halali pa kuumwaga.

Kabla ya kujenga, yeyote aweza kuipima ardhi yake bila ya mashine. Achimbe shimo lenye upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho karo lingetolea maji yake, alijaze maji na kuliacha usiku kucha lishibe, kisha siku ya pili alijaze tena na kutazama saa. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba maji yakishuka sentimita mbili na nusu kwa muda wa chini ya dakika moja, ardhi hiyo inapitisha kuliko inavyochuja. Na yakichukua zaidi ya saa moja, ardhi haitayapokea maji ya nyumba. Katika hali zote mbili, shimo la kawaida halifai.

Bustani huijua ardhi kuliko mwenyewe

Mwenye bustani anayenunua mbegu na mbolea bila ya kuujua udongo wake ni sawa na anayemeza dawa ya maradhi ya mtu mwingine. Uwandani, udongo mchache uliopo umejaa chokaa. Mimea mingi hukosa madini ya chuma na zinki humo, si kwa kuwa hayamo, bali kwa kuwa chokaa huyafunga. Alama yake ni jani changa lililogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kuongeza mbolea ya dukani peke yake hakutibu; kinachotakiwa ni samadi na mboji nyingi, ambazo huyafungua madini hayo na kushika maji.

Wakulima wa kusini walilielewa hilo kwa vitendo. Hawakulima uwanda kwa jembe, kwani jembe lingekutana na jiwe. Walitafuta mifuko ya udongo iliyo katikati ya mawe, wakapanda humo kwa mtaimbo na kwa kijiti, kila shimo na mbegu yake: mtama, kunde, choroko, mbaazi, pilipili na tungule. Kisha waliiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa ili kichaka kiirejeshee majani yake. Siku hizi miaka ya mapumziko imepungua kwa sababu kuni na viwanja vinatakiwa, na udongo ambao ulikuwa vidole vinne unakuwa vidole viwili. Bustani ya nyumbani yaweza kufuata hekima hiyo hiyo kwa udogo: mashimo machache yaliyojazwa mboji na kufunikwa makuti, yenye mpapai au mbaazi, huzaa kuliko kitalu kipana kilichokwanguliwa.

Kichanga nacho hutaka kulishwa kidogo kidogo na mara nyingi. Mbolea yote ikitiwa siku moja, mvua moja itaipeleka kwenye maji ya kisima. Mwani uliotupwa ufukweni, ukioshwa chumvi na kuozeshwa pamoja na samadi, humfaa sana mwenye kichanga. Kinamo hutaka matuta yaliyoinuliwa ili mizizi isizame, na hakilimwi kikiwa kimelowa, kwani hugeuka tofali. Mwenye kinongo hana la kudai. Amshukuru Mungu na akiweke chini ya majani kisichomwe na jua.

Huko Pemba, na hasa katika visiwa vidogo kama Kisiwa Panza, wakulima wanaona shida mpya, nayo ni maji ya bahari kuingia katika mashamba ya mpunga wakati wa bamvua. Ardhi iliyotiwa chumvi huchukua miaka kupona. Mikoko inayokatwa mbele ya mashamba hayo ndiyo iliyokuwa boma lake.

Ardhi njema inaliwa na nyumba

Tumebakisha neno moja, ambalo halipendezi lakini halifichiki. Idadi ya watu wa Zanzibar ilikuwa 476,111 katika sensa ya 1978. Katika sensa ya 2022 ilifika 1,889,773, na karibu nusu yao wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Mkoa huo umekaa juu ya sehemu kubwa ya kinongo bora cha Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi hiyo iligaiwa kwa wanyonge eka tatu tatu ili walime na kula. Leo nyingi katika eka hizo zimekatwa viwanja, zikauzwa na kumwagiwa zege. Vilevile, mchanga wa kujengea umechimbwa katika mashamba ya Donge na kwingineko, na palipokuwa na mihogo pamebaki mashimo.

Hatusemi watu wasijengewe. Tunasema kwamba ardhi ya kina haiwezi kutengenezwa upya katika umri wa mtu, na kwamba kisiwa kinachojenga juu ya chakula chake kitakinunua chakula hicho kutoka mbali milele. Kujenga kwenda juu badala ya kusambaa si fikra ngeni kwetu. Nyumba za Michenzani zilianza kujengwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Lililobaki ni kuifanya fikra hiyo iendane na mabomba ya maji machafu, kwani ghorofa juu ya karo la wazi ni karo kumi katika shimo moja.

Yapasayo kufanywa

Kwa ndugu zetu walioko maofisini, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila ombi la kibali cha ujenzi liambatane na shimo la majaribio lililokaguliwa, na aina ya udongo iandikwe katika kibali kwa jina lake la Kiswahili, ili mwenye nyumba, fundi na sheha wasome neno moja. Pili, mchoro wa karo utofautiane kwa mujibu wa udongo. Mchoro mmoja kwa kisiwa kizima ni kosa lililopigwa muhuri. Tatu, mipaka ya hifadhi ya chemchem na visima vya umma ionekane ardhini kwa alama, si katika ramani tu, na ilindwe bila ya kutazama uso wa mtu. Nne, kinongo kilichobaki kihesabiwe na kutengwa kwa kilimo kabla ya kuwa simulizi.

Kwa wananchi, tunaomba jambo moja tu. Kabla ya tofali la kwanza, chimba shimo. Litazame, lishike tonge la udongo wake mkononi, mwaga maji uone yanavyokwenda, kisha mwite mzee aliyewahi kulima hapo umuulize aliuitaje. Siku mbili za kazi hiyo ni chache mno zikilinganishwa na miaka ya kuishi na ufa, au na msiba wa mtoto aliyekunywa maji ya kisima cha jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini ufa mwingi wa visiwa vyetu huanza kabla ya ukuta, siku ile kiwanja kilipopimwa kwa futi na hakuna aliyeinama kuugusa udongo wake.